Kifundo cha mguu kimevunjika na umeambiwa operesheni: ufanye nini kuanzia siku ya kwanza mpaka unakanyaga tena

Jamani hii naiandika kwa wale ambao wana mtu nyumbani kavunjika kifundo cha mguu, au wewe mwenyewe ndo uko kitandani mguu umejaa unasubiri kuitwa thieta na hakuna aliyekaa nawe akakueleza kitu. Mimi ni muuguzi, wodi ya upasuaji hapa Unguja, na wagonjwa wa vifundo tunawapokea mwaka mzima, msimu wa karafuu wanaanguka mikarafuuni, masika ngazi za Mji Mkongwe zinateleza, sikukuu vijana wanatoka na vespa, wakulima wa mwani wanateleza kwenye mawe huko Jambiani na Paje. Kuvunjika ni kudra ya Mungu. Lakini kuna miguu mingi inaharibika baada ya kuvunjika, nyumbani, kwa sababu ya vitu ambavyo mtu angeambiwa mapema angeviepuka, na hilo ndo linaniuma.

Kwanza elewa kilichovunjika. Shika mguu wako mzima, pasa yale majicho mawili ya mguu. Jicho la ndani ni ncha ya chini ya tibia, yaani mfupa mkubwa wa muundi. Jicho la nje ni ncha ya fibula, ule mfupa mwembamba wa pembeni. Nyuma kuna ukingo wa tatu wa tibia ambao kwa mkono huupati. Katikati ya hivyo vitatu umekaa mfupa unaoitwa talasi, na huo ndo unabeba mwili wako wote ukisimama. Ichukulie kama fremu na mlango, fremu ikipanuka kidogo tu mlango unacheza na kila ukifungua unasaga. Ramsey na Hamilton mwaka 1976 walipima hiki kitu, wakakuta talasi ikisogea kwa nje milimita 1 tu, eneo la mifupa kugusana linapungua kwa asilimia 42. Milimita 1 jamani. Ndo mana daktari wa mifupa anaweza kuuacha mfupa wa mkono uunge na kaupindo kadogo asijali, lakini kwenye kifundo anahesabu milimita, kwa sababu hii ni jointi na jointi ikiunga vibaya gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) linasagika, baada ya miaka unakuwa mtu wa maumivu kila ukipanda ngazi.

Saa za mwanzo

Mtu kaanguka, kifundo kimevimba, hujui kimeteguka au kimevunjika. Kuna kipimo kizuri hakihitaji mashine, kilitengenezwa Ottawa huko Canada mwaka 1992 na madaktari duniani wanakitumia mpaka leo. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya jicho la nje, halafu la ndani, uanze chini upande juu kama sentimita 6. Kama anaumia pale pale kwenye mfupa wenyewe, au kama hawezi kupiga hatua nne, si pale alipoangukia wala pale spitali, basi eksirei ni lazima. Ikiwa hana hata moja kati ya hayo uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Lakini ukiwa na wasiwasi piga picha tu, mzee mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi kwa mfano anaweza akatembea juu ya mvunjiko na asihisi kitu.

Usichue. Naomba hili nilirudie kwa heshima zote kwa wazee wetu, usichue, usikande kwa maji ya chumvi ya moto, usivute kifundo kibichi. Mhazigi, yule muunga mifupa wa kienyeji, anaweza akawa na mkono mzuri na kawasaidia wengi, lakini yeye haoni ndani, na kifundo kilichovunjika majicho mawili ukikichua unazidisha damu kuvuja na uvimbe, na uvimbe ndo adui mkubwa wa operesheni kama nitakavyoeleza. Na zile banzi zikikazwa sana damu inakata, nimeshaona vidole vimegeuka vyeusi. Mtu anakwenda kwa mhazigi kwanza, wiki tatu zinapita, anakuja spitali mfupa keshaanza kuunga upande, hapo daktari inabidi auvunje tena ndo aunyooshe na matokeo hayawi sawa na yule aliyekuja siku ile ile.

Unachotakiwa kufanya ni hiki, mvue kiatu taratibu, mvue vikuku na pete za vidole vya mguu kabla uvimbe haujapanda (wanawake wetu wengi wanavaa na baadae inabidi tukate), mguu uuweke juu ya mto, funga ubao au hata boksi gumu lililokunjwa pande mbili na kitambaa kisibane, weka barafu iliyofungwa kwenye kanga kama dakika 15 au 20 halafu toa, usiiweke kwenye ngozi tupu. Usimpe chakula kingi njiani kwa sababu huenda akaingizwa thieta siku hiyo.

Kuna hali mbili ambazo hakuna kusubiri asubuhi. Ya kwanza, mguu umegeuka, unyayo unaangalia pembeni na ngozi ya jicho la ndani imevutwa mpaka imekuwa nyeupe. Hapo kifundo kimechomoka, ngozi inakufa, na spitali watakirudisha mahali pake haraka hata kabla ya eksirei. Ya pili, kuna jeraha na mfupa unaonekana au damu inatoka karibu na mvunjiko, hata kama kidonda ni kidogo kama kucha. Funika na kitambaa kisafi, usimwage spiriti wala unga wa dawa yoyote, kimbia. Huyu anahitaji antibayotiki ya mshipa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, sindano ya pepopunda, na kuoshwa jeraha thieta.

Kwa Unguja watu wanakwenda Mnazi Mmoja au spitali ya mkoa Lumumba, Pemba una Abdulla Mzee pale Mkoani, una Chake Chake na Wete. Mvunjiko mgumu sana unaweza ukapewa rufaa mpaka MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar. Kama uko kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ile ZHSF, beba taarifa zako siku hiyo hiyo, na ulize mapema vyuma vinapatikana vipi na nani analipia, mana kuna familia zinagundua asubuhi ya operesheni kwamba kuna kitu kinatakiwa wakatafute na wakati huo mgonjwa keshalala njaa.

Kwani kila mvunjiko ni operesheni?

Hapana, na hapa watu wanachanganyikiwa sana. Jirani alivunjika akafungwa plasta tu akapona, wewe unaambiwa uwekwe chuma, unaanza kuhisi daktari anataka kukukata bure. Tofauti ni kama kifundo kimetulia au hakijatulia. Madaktari wanagawa mvunjiko wa fibula kwa herufi A, B na C, mpango unaoitwa Weber. A umevunjika chini ya usawa wa jointi, huo mara nyingi umetulia, plasta au buti la matibabu linatosha. C umevunjika juu ya jointi, na mara nyingi zile kano zinazoshika tibia na fibula pamoja (madaktari wanaziita sindesmosisi) zimechanika, huo kwa kawaida unakwenda thieta. B uko katikati, na hapo ndo kazi ilipo, kwa sababu inategemea upande wa ndani ukoje. Kama jicho la ndani na kano zake ni nzima na talasi haijasogea, hata B inapona kwa plasta. Watafiti wa Finland mwaka 2019 walilinganisha plasta ya wiki 6 na ya wiki 3 kwa hawa wa B waliotulia, wakakuta wa wiki 3 hawakuwa nyuma. Kwa hiyo ukiambiwa huna haja ya chuma, shukuru Mungu wala usilazimishe.

Wanaohitaji operesheni ni wale ambao talasi imesogea, majicho yote mawili yamevunjika au na ukingo wa nyuma pia, sindesmosisi imefunguka, mfupa umetoka nje, au daktari karudisha na kufunga plasta na picha ya pili inaonesha kimehama tena. Hiyo picha ya pili baada ya plasta usiikimbie, na wiki moja baadae urudi tena kupiga, mana uvimbe ukishuka plasta inalegea na mfupa unapata nafasi ya kutembea.

Wazee nao wana habari yao. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2016, watu zaidi ya 600 wa miaka 60 na kuendelea wenye vifundo visivyotulia, nusu wakafanyiwa operesheni, nusu wakafungwa plasta maalumu inayokaa karibu sana na ngozi, ikafungwa na daktari wa upasuaji mgonjwa akiwa kwenye dawa ya usingizi au ganzi. Baada ya miezi 6 uwezo wa kutembea ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili, ila waliofungwa plasta wengi zaidi mfupa uliunga vibaya, na baadhi yao iliwabidi waende operesheni baadae. Maana yake bibi yako wa miaka 75 mwenye sukari na ngozi nyembamba ana njia nyingine ya kuzungumza na daktari, lakini plasta yenyewe lazima ifungwe na mtu anayeijua kazi. Uliza tu kwa adabu, daktari, kwa umri wake na hali yake unaona ipi bora na kwa nini? Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa.

Kusubiri uvimbe ushuke

Hapa ndo ugomvi wa ndugu na wodi unapoanzia. Mgonjwa kaletwa Jumatatu, Jumatano hajafanyiwa, ndugu wanasema katelekezwa. Mara nyingine kweli foleni ya thieta ni ndefu, siwezi kukataa, lakini mara nyingi kinachosubiriwa ni ngozi. Kifundo hakina nyama, ni ngozi na mfupa tu. Ukikata ngozi iliyovimba imekaza inang'aa, kidonda hakifungiki, kikifungika kinaachia, chuma kinabaki wazi, na maambukizi yakishaingia kwenye chuma hiyo ni safari nyingine kabisa. Kwa hiyo ama mgonjwa afanyiwe ndani ya saa chache za mwanzo kabla uvimbe haujapanda, ama asubiri, na kusubiri kunaweza kuwa siku 5 mpaka wiki mbili.

Daktari anaangalia mikunjo. Akipinda kidogo unyayo au akiisukuma ngozi kwa vidole anataka aone vimikunjo vidogo vidogo vimerudi, kama ngozi ya mtu aliyekaa majini. Vikirudi yuko tayari. Kukiwa na malengelenge, yale mapovu ya maji, usiyatumbue, mwambie muuguzi.

Na wewe unaweza kuharakisha hili. Mguu uwe juu ya kiwango cha moyo, si juu ya kistuli ukiwa umekaa kwenye kiti, hapo bado uko chini ya moyo. Lala chali, mito miwili mitatu chini ya muundi, kisigino kikae hewani kisikandamizwe, mana kisigino nacho kinaoza mtu akilalia siku nyingi. Chezesha vidole vya mguu kila ukikumbuka. Wageni wakija na wewe ukashusha mguu ili uzungumze nao vizuri, umerudisha uvimbe nyuma siku nzima, waambie wakae upande wa kichwani kwako basi.

Sigara na shisha acha sasa hivi, siyo kesho, mishipa midogo ya ngozi inabana na mfupa unachelewa kuunga. Sukari ipimwe kila siku, na kama ulikuwa hujui una sukari huenda ukajulia hapo hapo wodini, tunawaona wengi. Sukari iliyo juu inaongeza sana hatari ya kidonda kuoza, kwa hiyo daktari akisema tuishushe kwanza anakulinda. Dawa zote unazotumia zitaje, za presha, za kulainisha damu, na za miti shamba pia, usione haya.

Siku ya thieta

Utasaini fomu ya ridhaa. Kabla ya kusaini mtu akuoneshe picha yako na akwambie ni upande upi, nini kitawekwa na hatari zake. Daktari atachora alama mguu unaofanyiwa, kama hajachora mkumbushe. Chakula kigumu unaacha saa 6 kabla, maji matupu mpaka saa 2 kabla ukiruhusiwa na mtu wa usingizi. Chai ya maziwa si maji matupu, inahesabiwa kama chakula.

Kwa kina mama na mabibi harusi, hina na piko. Tunaangalia rangi ya kucha kujua damu inafika vidoleni, na kile kibanio kinachowekwa kidoleni kupima hewa ya oksijeni kinaweza kudanganywa na piko nyeusi au rangi ya kucha. Rangi ifute kabla. Hina haifutiki najua, basi mwambie mtu wa usingizi mapema atafute sehemu nyingine ya kuweka, hata ncha ya sikio, na sisi miguuni tutategemea joto la vidole na kama unahisi tukikugusa.

Wengi wanachomwa ganzi ya uti wa mgongo, unakaa umeinama mbele, unachomwa chini ya kiuno, miguu inakuwa mizito halafu huisikii. Uko macho, unasikia vyombo na sauti ya drili, usiogope. Uzushi wa kwamba sindano hiyo inamfanya mtu apooze au aumwe mgongo maisha umeenea sana huku kwetu, watu wanakataa operesheni kwa ajili yake, wakati madhara makubwa ya namna hiyo ni nadra mno, kinachotokea kwa baadhi ni kichwa kuuma siku chache au presha kushuka wakati ule na inatibiwa pale pale. Kama hufai sindano ya mgongo utapewa nusu kaputi.

Antibiotiki ya mshipa inatolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Pajani panafungwa mpira unaojazwa upepo ili damu isijae. Halafu daktari anapasua upande wa nje, anarudisha fibula kwenye urefu wake, mara nyingi anapitisha skrubu moja ya kubana vipande viwili vishikane, kisha anaweka pleti nyembamba na skrubu zake. Urefu wa fibula ndo siri yake, ikibaki fupi talasi inahama. Upande wa ndani jicho linarudishwa na kushikwa na skrubu mbili, au kama kipande ni kidogo kinashikwa kwa pini na waya. Ukingo wa nyuma ukiwa mkubwa au umesogea nao unashikwa. Mwisho anavuta fibula na kuijaribu akiangalia kwenye mashine ya picha, ikifunguka anapitisha skrubu ya sindesmosisi kutoka fibula kwenda tibia, kama sentimita 2 juu ya jointi. Kazi yote inachukua saa moja mpaka mbili hivi, mvunjiko ukiwa mgumu inachukua zaidi.

Ukitoka, muombe ndugu aulize swali moja tu, picha ya baada ya operesheni iko wapi? Hiyo ndo ushahidi wa kazi na utaihitaji kila kliniki.

Wiki mbili za kwanza

Ganzi ikiisha maumivu yanakuja kwa kishindo, kwa hiyo dawa meza kwa saa zake usisubiri uumie kwanza. Parasetamo kwa saa, na zile kali utakazopewa. Diklofenaki watu wanazinunua dukani kama pipi, ulize daktari kwanza hasa ukiwa na presha, vidonda vya tumbo au figo.

Utakuwa na plasta ya nusu iliyofungwa na bandeji, mguu juu tena kama mwanzo, kwa siku nyingi za wiki hizo. Ukiwa unarudi Pemba na boti usiondoke mguu ukiwa bado umejaa, omba kupandishwa mapema kabla ya msukumano, chukua siti mbili unyooshe mguu, kunywa maji na chezesha vidole njia nzima, mana safari ndefu bila kusogea inaongeza hatari ya damu kuganda. Kama daktari kakuandikia sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda vimalize.

Magongo yapimwe. Kati ya kwapa na gongo viingie vidole viwili vitatu, uzito ukae mikononi, ukiegemea kwapa mishipa inabanwa na mkono unakufa ganzi. Kupanda ngazi unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza magongo na mguu mbovu. Ngazi za nyumba za zamani za mjini ni wima kama nini, kama unakaa juu hamia chini kwa muda, ukishindwa panda na ushuke kwa makalio kitako kitako, hakuna aibu. Choo cha kuchuchumaa hutoweza, tafuteni kiti kilichotobolewa kati au fundi seremala akutengenezee kabla hujatoka spitali, watu wanasahau hili na mgonjwa anaanguka chooni usiku wa kwanza.

Sala unasali umekaa, kwenye kiti au kitandani. Udhu unaosha viungo vingine na juu ya plasta unapaka kwa mkono ulioloa tu, masheikh wetu wanalijua vizuri suala la bandeji, muulize wa mtaani kwako akuelekeze. Ninachokuomba kama muuguzi ni plasta isilowe wala maji yasiingie kwenye kidonda. Na mwezi wa Ramadhani ukikukuta na dawa za saa sita sita, ruhusa ya mgonjwa ipo.

Chakula, watu wataleta supu ya makongoro na kukwambia inaunga mfupa. Kula, ni tamu na haina neno, lakini usiitegemee peke yake, mwili unataka samaki, dagaa, mayai, kunde, maziwa, matunda, kila siku.

Rudi spitali usiku huo huo ukiona vidole vimekuwa baridi, vya bluu au havihisi, maumivu yanazidi badala ya kupungua hata ukimeza dawa, usaha au harufu, homa, au maji yanatoka na kulowesha bandeji. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikikata ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, usikae kusema ni gesi.

Nyuzi zinatolewa kwenye siku ya 10 mpaka 14, mwenye sukari anaweza kuongezewa.

Kukanyaga lini

Zamani wote waliambiwa wiki 6 bila kukanyaga. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Uingereza uliolinganisha walioanza kukanyaga wiki ya 2 baada ya operesheni na wale wa wiki ya 6, na walioanza mapema hawakuwa nyuma. Lakini usiisome hii ukatupa magongo kesho. Wagonjwa wale walichaguliwa, na daktari wako ndo anajua mfupa wako ulivyoshika, kama kuna skrubu ya sindesmosisi au ukingo wa nyuma ulikuwa mbovu anaweza akakuzuia zaidi. Mwenye sukari iliyoharibu hisia za miguu yeye anasubiri muda mrefu zaidi, mara nyingi kama mara mbili ya wengine, kwa sababu chuma kinaweza kulegea na yeye hahisi. Muulize hivi, nianze lini, uzito kiasi gani, na kwa buti au bila buti? Uandikiwe kwenye kadi.

Mazoezi yanaanza ukiruhusiwa kutoa plasta. Kaa kitandani andika herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, mara kadhaa kwa siku. Halafu pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha mbili, vuta taratibu kuja kwako mguu umenyooka, uhisi ndama inavutika, shika nusu dakika achia. Kuukunja mguu kuja juu ndo kunakopotea haraka na ndo kunakohitajika kupanda ngazi na kurukuu. Ukishaanza kusimama vizuri, simama kwa mguu mmoja umeshika ukuta. Wafanya mazoezi ya viungo wa spitali wapo, nenda hata mara chache wakuoneshe kwa macho, halafu uendelee nyumbani. Kutembea ndani ya maji ya bahari usawa wa kiuno kunasaidia sana kidonda kikishafunga kabisa, na hii sisi watu wa visiwa tumebarikiwa nayo, ila chagua mchanga laini usiende kwenye mawe na urchini, wale wadudu wa bahari wenye miiba.

Vespa, bodaboda na gari subiri. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 kwa waliofanyiwa mguu wa kulia ulionesha wepesi wa kukanyaga breki unarudi kawaida kama wiki 9 baada ya operesheni. Mguu wa kulia ndo wa breki ya gari, na kwenye vespa pia. Mpira wa miguu hesabu miezi, mara nyingi 4 mpaka 6 na hapo uwe unaweza kurukaruka kwa mguu mmoja bila maumivu. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi 6 hata mwaka, haimaanishi chuma kimeoza. Ganzi kidogo juu ya unyayo nayo hutokea, kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na pale panapokatwa.

Chuma chenyewe kinatoka?

Kwa wengi hakitoki, kinabaki mwilini maisha na hakina tatizo, wala baridi haikipi kutu. Kinatolewa kama kinakera, kiatu kinagusa, au kuna maambukizi, na kwa kawaida mfupa ukishaunga kabisa, mara nyingi baada ya mwaka. Skrubu ya sindesmosisi ndo ya tofauti, wapo madaktari wanaoitoa baada ya miezi 3 au 4 na wapo wanaoiacha, na ikivunjika ndani wagonjwa wengi hawahisi chochote, kwa hiyo ukiona kwenye picha imekatika usipige kelele, muulize tu daktari. Ukitolewa pleti, yale matundu ya skrubu yanachukua wiki kadhaa kujaa, kipindi hicho usicheze mpira wala kubeba magunia.

Na zile karatasi za operesheni pamoja na picha ziweke kwenye mfuko wa plastiki, kabatini, pamoja na vyeti vyako. Daktari atakayekutoa chuma miaka mitano baadae, pengine Chake, pengine Dar, atataka kujua ni pleti ya aina gani na skrubu za ukubwa gani, kwa sababu asipokuwa na bisibisi inayoingia kwenye kichwa cha ile skrubu hawezi kuitoa, na utafunguliwa mguu halafu ufungwe tena vile vile.